Uzi wa Tatu

Tangu ndoa yake ya Malindi ivunjike, akarudi Amu nyumbani kwa baba yake, Rawiya hakuwa mtu wa kukaa. Alitengeneza simu katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na hata hapo, bisibisi mkononi na simu ya mtu imefunuliwa tumbo mezani, alikuwa akiinuka kila baada ya dakika chache. Hupanda darini, akatazama mapaa ya jirani, akashuka. Huingia jikoni, akafunua sufuria ambayo hana haja nayo, akaifunika tena. Shangazi yake, Bi Kadija, aliyekuwa akiishi nao tangu mama yake Rawiya afariki, alikuwa akisema kwamba ngazi za nyumba ile hazikulika kwa umri, zililika kwa miguu ya Rawiya.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomkalisha kitako, nacho hakikuwa chake. Kilikuwa gitaa la umeme la baba yake, Bwana Khatib, jekundu lililokolea, lenye tumbo la uwazi na matundu mawili marefu yaliyopinda ubavuni. Bwana Khatib alilinunua Mombasa kwa baharia mmoja kabla Rawiya hajazaliwa. Mchana alikuwa fundi wa mashine za boti. Shughuli zikiwapo, alikuwa mpigaji gitaa wa kikundi cha taarabu, na hapakuwa na harusi ya maana mjini ambayo hakuipigia. Ndiye aliyemfundisha Rawiya akiwa na miaka kumi, jioni baada ya chuo cha Kurani, bila kumsifu hata siku moja.

Taarabu aliijua, lakini hamu yake ilikuwa kwingine. Kule Malindi, katika miaka minne ya ndoa iliyokuwa kimya kupita kiasi, alikuwa akijifungia chumbani na visikizio masikioni, akitazama wapiga roki kwenye simu. Alipenda sauti ile iliyochanika kama turubai, na namna mpigaji anavyouvuta uzi juu kwa kidole hadi ulie. Aliporudi Amu alijaribu kuuvuta uzi vile kwenye gitaa la baba yake. Haukwenda popote.

Nyuzi za Bwana Khatib zilikuwa nene. Ule waya wa ndani ulizungushiwa utepe bapa wa chuma, laini kama kioo, kwa hiyo kidole kikiteleza hakikusikika mkwaruzo. Zilikuwa juu ya gitaa lile kwa miaka tisa, na sauti yake ilikuwa nzito, ya mviringo, kama ya mtu anayesema na kipande cha haluwa mdomoni. Baba yake alizipenda kwa sababu mikono yake, baada ya miaka arobaini ya kufunga na kufungua mashine, haikujua kugusa kitu polepole. Alizibana kwa nguvu zake zote nazo zikamvumilia.

Mwaka huu jicho lake la kulia liliingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na Jumatatu moja akapanda basi kwenda Mombasa kufanyiwa upasuaji, akasema atarudi Jumatano ya wiki ya pili, kwa kuwa Alhamisi yake alikuwa na harusi. Gitaa aliliacha ukutani, na hakumwambia mtu asiliguse, maana haikumpitia akilini kwamba lingeguswa.

Siku tatu baadaye akaja Mahir.

Mahir alikuwa kijana wa Mombasa mwenye nywele zilizofungwa nyuma, na kikundi chake cha roki kilikuwa kimeletwa na hoteli moja ya Manda kuwapigia wageni Jumamosi. Spika yao ya gitaa ilikuwa imezimika, na wenye boti wakamwambia kuna mwanamke Amu anafungua chochote chenye waya. Rawiya aliifungua, akakuta sehemu moja risasi ya kuungia waya imepasuka, akaichoma upya. Ili kuijaribu alihitaji gitaa, na la karibu lilikuwa lile la ukutani. Alichomeka, akageuza kitufe hadi sauti ikachanika, akapiga kile kilichomjia. Alipoinua macho Mahir alikuwa amekaa juu ya kizingiti, ameacha kutafuna miraa yake.

Alimwomba gitaa, akalibana mara moja, akalirudisha. Akauliza ni nani aliyeweka kamba za kuanikia nguo kwenye chombo kizuri namna hiyo. Kisha akaeleza kwamba mpigaji wao wa pili alikuwa ameshikwa na homa amerudi kwao, na kwamba kama Rawiya angetaka, Jumamosi baada ya alasiri kulikuwa na nafasi. Mkobani mwake alikuwa na seti mpya ya nyuzi, zile wapiga roki wanazoziita tisa, kwa wembamba wa uzi wake wa kwanza. Alimpa.

Rawiya alikubali kabla hajajiuliza lolote. Mahir alimwambia azilegeze zile za zamani moja moja, azitoe, azihifadhi. Jumapili angezirudisha na mzee asingejua. Lilikuwa wazo jema, nalo lingechukua labda robo saa. Lakini Mahir alipoondoka na spika yake, Rawiya alianza kulegeza uzi wa kwanza, ukazunguka na kuzunguka na kuzunguka, na mikono yake haikuweza kungoja. Mezani palikuwa na koleo la kukatia waya. Akakata. Wa sita, wa tano, wa nne, wote, katikati, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukitoa mlio mfupi. Ulipokatika wa mwisho, shingo ya gitaa ilitoa sauti ndogo kama mtu anayeshusha mzigo, na daraja la mbao lililokuwa limekaa chini ya nyuzi bila gundi wala msumari likaanguka sakafuni.

Alilitazama pale chini. Alijua amefanya jambo lisilorudi nyuma. Akajiambia kwamba ataagiza nyingine Mombasa, zitafika kwa basi kabla ya baba yake, na akazifunga zile nyembamba upesi upesi ili asiendelee kufikiri.

Jumamosi alivuka kwenda Manda na gitaa mgongoni, baibui lake na mtandio wake vilevile, kwa kuwa hakuona sababu ya kubadili. Walipiga chini ya turubai mbele ya hoteli, jua bado kali. Wageni walikuwa wengi, na manahodha wa boti walisimama gatini mikono kifuani. Wimbo wa pili Mahir alimpa ishara, naye akakanyaga kisanduku cha mguu kinachoichana sauti, akaushika uzi wa tatu, akauvuta. Uzi ulikwenda. Ulipanda chini ya kidole chake kama kitu chenye uhai, ukalia, na sauti ikatoka kwenye spika ikafika hadi kwenye mikoko. Kwa muda wa nyimbo sita Rawiya hakuwaza kuinuka wala kwenda mahali. Mwili wake wote ulikuwa umefika.

Furaha ile ilidumu hadi Jumapili asubuhi. Alikaa na gitaa chumbani bila spika, bila kisanduku, akapiga utangulizi wa moja ya nyimbo za baba yake, polepole. Kuna kitu kikamchoma sikioni. Akapiga tena. Ulikuwa uzi wa tatu. Ukiachwa wazi ulikuwa sawa kabisa, hata kipima sauti cha simu kilisema ni sawa. Lakini kila kidole kilipopanda shingoni, sauti ya uzi ule ilikimbia juu kuliko ya wenzake, kidogo tu, kiasi cha kumfanya mtu akunje uso bila kujua kwa nini. Jana, katika ule ukelele, haukusikika. Leo hakuweza kusikia kingine.

Alichunguza kwa kioo chake cha kutengenezea simu, akaelewa. Daraja lile lilichongwa kwa ajili ya nyuzi nene, kila mmoja na kipago chake cha kukalia, na uzi wa tatu wa baba yake ulikuwa umezungushiwa utepe kama zile nene za chini. Huu mwembamba ulikuwa waya mtupu, nao ulitaka kukaa mahali pengine. Jumatatu nzima alilisogeza daraja mbele na nyuma. Akiupata wa tatu, zile tano zote zinapotea. Akizipata zile tano, wa tatu unatoroka. Juu ya hayo, shingo ilikuwa imezoea kuvutwa na nyuzi nene, na sasa ilinyooka kupita kiasi, nyuzi za chini zikawa zinavuma kwa kugonga vile vyuma vya shingoni.

Alipiga simu dukani Mombasa. Mwenye duka, kwa adabu, akamwambia kwamba nyuzi bapa hazina wateja siku hizi, zinaagizwa nje, wiki mbili au tatu. Alimpigia Mahir, aliyekwisha kurudi kwao. Mahir alicheka akasema katika roki hakuna atakayesikia, aiache hivyo. Rawiya alikata simu akiwa na hasira ambayo hakuitarajia. Alikwenda jikoni kutafuta vile vipande vya zamani, asijue hata alitaka kuvifanyia nini, akakuta Bi Kadija amefungia mlango wa banda la kuku kwa vinane, na vinne vimetundika miiko.

Ni Bi Kadija aliyemtaja Bwanamkuu. Alisema alikuwapo mtu wa Siyu aliyepiga gitaa la pili pamoja na baba yake Rawiya miaka ishirini, nyuzi zao walikuwa wakiagiza kifungu kimoja, kisha akaacha muziki akarudi kwao kulima. Kama kuna nyuzi kama zile katika visiwa hivi, zitakuwa kwake. Rawiya hakulala vizuri. Jumanne alfajiri alipanda boti ya kwanza hadi Mtangawanda, akapata pikipiki, na kabla jua halijapanda sana alikuwa akipiga hodi Siyu.

Bwanamkuu alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye udongo wa shamba bado vidoleni. Alipoambiwa huyu ni binti wa Khatib, alimkaribisha ndani, akataka habari za jicho, akataka habari za shangazi, akamwita mkewe alete chai. Rawiya alieleza shida yake amesimama. Aliambiwa akae, akakaa, akasimama tena. Gitaa la Bwanamkuu lilikuwa limetundikwa chumba cha ndani, mavumbi juu, nyigu wamejenga katika tundu moja. Lilikuwa limebakiwa na nyuzi tatu. Mmoja ulikuwa wa tatu.

Bwanamkuu alilipakata, akaanza kuulegeza kwa mkono, zungusho kwa zungusho, bila haraka yoyote, akizungumza huku akifanya hivyo. Alisema watu walidhani yeye na Khatib waligombana, lakini hawakugombana. Alichoka tu. Khatib alikuwa anaweza kusimamisha wimbo mbele ya harusi nzima kwa sababu uzi mmoja umeshuka unywele. Angewatazama wote, angeukaza, kisha angeanza upya, na bwana harusi anangoja.

"Nalikuwa namuogopa yeye kuliko kumuogopa mkwe wangu," alisema. "Lakini hatukupiga vibaya hata siku moja."

Aliuchomoa uzi ule, mweusi, akaukunja mduara, akaufunga kwa jani la mnazi. Rawiya alimuuliza kama anataka kitu. Alisema hapana, na kwamba kama Khatib atauliza, amwambie. Na kama hatauliza, amwambie pia. Mlangoni akaongeza neno moja.

"Ukaze polepole. Huu ni mzee kama mimi."

Pikipiki, boti, ngazi za gati, vichochoro. Rawiya alifika nyumbani baada ya adhuhuri na hakuvua hata baibui. Aliutoa uzi mwembamba wa tatu, akauweka ule wa Bwanamkuu katika kipago chake, nao ulikaa humo kana kwamba ulikuwa ukisubiriwa. Akaanza kukaza. Akasikia ile sauti nzito ikianza kuamka chini ya kidole. Aliinamisha sikio. Ulikuwa umebakisha kidogo tu, nusu zungusho, labda pungufu, na mtu mwenye subira angeuacha kwanza uvutike, akanywa maji, akarudi. Rawiya alizungusha.

Uzi ulikatika kwenye kutu, ukamchapa usoni. Aliona weupe, kisha akasikia joto likishuka shavuni. Bi Kadija alikuja mbio na kitambaa, akamkalisha, akamtazama jicho, akamshukuru Mungu kwamba mstari ule ulipita chini kidogo ya kope. Rawiya alikaa palepale sakafuni hadi alasiri ikaadhiniwa, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi hakuwa na mahali pa kukimbilia. Duka halina, Siyu kumekwisha, na kesho baba yake anarudi. Aliurudisha uzi mwembamba, kwa sababu gitaa lenye nyuzi tano lilionekana kama kinywa kilichong'oka jino, na akalitundika ukutani.

Bwana Khatib alifika Jumatano kabla ya alasiri, amevaa kinga ya kijani kwenye jicho moja, amepungua kidogo, amefurahi kuwa nyumbani. Alikula, akasifu wali wa dada yake. Kisha akamtazama binti yake kwa lile jicho zima, kwa muda.

"Uso una nini?"

Rawiya alikuwa ametunga maneno usiku kucha, na yote yakampotea. Akamweleza kwa mfululizo tu, kuanzia spika ya Mahir hadi uzi wa Bwanamkuu, akisimama katikati ya chumba, mikono ikishikana na kuachana. Manda pia alitaja, ingawa kwa sauti ya chini, akapita upesi. Bi Kadija aliacha kuondoa sahani.

Baba yake aliomba gitaa. Aliliweka pajani, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zile bila kuzipiga, kama mtu anayepima kitambaa.

"Zangu zi wapi?"

"Nilizikata."

"Zote?"

"Zote, Baba."

Akapiga. Alibana kwa mkono wake uleule, na kwa nguvu zile nyuzi nyembamba zote zilikimbia juu, gitaa zima likatoa sauti ya kitu kilichopinda. Akalegeza mkono, akajaribu tena, safari hii akipanda polepole shingoni. Alipofika uzi wa tatu alisimama. Aliugusa mara tatu mahali palepale. Rawiya alitamani baba yake apige kelele. Alitamani atupe kitu. Bwana Khatib aliliegemeza gitaa ukutani, akamwambia dada yake aongeze chai, akasema kesho ana harusi. Kisha akachukua kofia yake akaenda msikitini kungoja maghribi, saa nzima kabla ya wakati wake.

Alhamisi asubuhi alimwita. Alikuwa ameulegeza uzi wa tatu mwenyewe, kwa kupapasa, maana daktari alimkataza kuinama. Aliukunja akampa mkononi.

"Huu hauna mahali leo," alisema. "Nitakwenda na hizi tano."

Shughuli ilikuwa ya wanawake, baada ya alasiri, katika uwanja wa ndani wa nyumba ya bibi harusi. Wapigaji walikaa upande wa pili wa pazia. Rawiya alikaa karibu na pazia lile kadiri alivyoweza, na mkwaruzo wake shavuni ameupaka poda. Jirani yake alimsifia kanzu. Hakumsikia. Alikuwa anasikia shimo.

Alizijua nyimbo zile kama anavyojua njia ya kwenda kisimani gizani, kwa hiyo alijua kila mahali ambapo sauti ilipaswa kupita katika uzi wa tatu. Kila ilipokaribia pale, baba yake alipita kwingine. Mara alipanda mbali juu ya uzi wa nne akaichukua huko. Mara aliiruka akamwachia mpiga fidla aijaze, na yule wa fidla, baada ya nyimbo mbili, akaelewa na kuanza kungojea. Wanawake walitunza, wakapiga vigelegele, wakainuka kucheza. Hakuna aliyegundua. Mwanzo kila mruko ulimchoma Rawiya kama ameitwa jina mbele za watu. Lakini ilipofika wimbo wa nne au wa tano alijikuta anasikiliza kwa namna nyingine, akijaribu kukisia safari hii atapitia wapi, na mara zote akikosea. Hakuwa amejua kwamba baba yake anaweza hivyo. Pengine hata Bwana Khatib hakuwa amejua.

Jambo jingine alilisikia pia. Nyuzi zile hazikuwa zikikimbia juu. Maana yake ni kwamba mtu yule, ambaye hakujua kugusa kitu polepole, alikuwa amezigusa polepole kwa saa tatu.

Ilipokwisha alilibeba gitaa nyuma yake wakirudi nyumbani. Kichochoroni Bwana Khatib alisimama akaegemea ukuta, akaunyosha mkono wake wa kushoto mbele yake. Akaukanda kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Kupiga kwa nguvu hakuchoshi," alisema. "Kujizuia ndiko."

Rawiya alisema amsamehe. Baba yake alisema amekwisha kumsamehe tangu jana msikitini, lakini bado amekasirika, na kwamba mambo hayo mawili hayazuiani. Wakaendelea na njia.

Habari za Manda hazikuhitaji siku nyingi. Jumamosi nahodha mmoja alizitaja barazani, mbele ya watu: binti ya Khatib, baibui na yote, anapiga gitaa la kizungu hadi wageni wanasimama juu ya viti. Bi Kadija alipozisikia alikaa chini, akasema sasa hapana atakayemposa. Bwana Khatib aliingia chumba cha simu, akavuta kigoda, akakaa.

"Uliitaja Manda juzijuzi, ukaipita mbio," alisema. "Urudishe uzi wako wa tatu. Nataka kusikia ulichowapigia."

Hapakuwa na kisanduku cha mguu, ila Rawiya alikuwa na spika ndogo ya mteja iliyokuwa imekuja kutengenezwa, na akiigeuza hadi mwisho ilichanika yenyewe. Akapiga. Kisha ikaja ile sehemu ya wimbo wa pili, akauvuta uzi, ukapanda, ukalia mle ndani ya chumba chenye kuta nene hadi miwani ya baba yake ikatikisika juu ya meza. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemshuka. Bwana Khatib alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mkono wa kushoto ni mzuri," alisema baadaye. "Hapo unapouvuta, hapo ni pazuri sana. Wa kulia una haraka. Kila mara unafika kabla ya wimbo." Aliinua lile jicho lake. "Hukimbilia wapi, mwanangu?"

Rawiya alifikiri kusema Malindi, au nyumba hii, au ngazi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kweli kiasi cha kusemwa.

"Siyui, Baba," alisema, kwa ile lugha ya utotoni.

Baba yake alikubali kwa kichwa, kana kwamba ni jibu. Akamwambia kwamba nyuzi zake amekwisha kuziagiza, na hadi zitakapofika gitaa lile si lake, ni la Rawiya, apige atakavyo ila si wakati wa adhana. Zikifika, linarudi kwake, na Rawiya atafute lake mwenyewe.

Zilichukua siku kumi na tisa. Siku zote hizo alipiga, asubuhi kabla ya wateja na alasiri baada yao. Jirani mmoja alilalamika na mwingine akauliza kama anafundisha watoto wa kike. Zilipokuja, baba yake alikuwa bado amekatazwa kuinama, kwa hiyo ni Rawiya aliyezifunga, uzi mmoja baada ya mwingine, ili daraja lisisogee. Ilimchukua asubuhi nzima. Katikati aliinuka mara mbili, akaenda hadi mlangoni, akarudi mwenyewe.

Mwezi uliofuata Mahir alipiga simu. Mpigaji wao wa pili ameacha kabisa. Akamtaka Rawiya aje Mombasa kwa majaribio ya wiki tatu, na gitaa la kuazima lipo. Bi Kadija alilia kidogo, kisha akamkaangia mikate ya safari. Bwana Khatib hakusema aende wala asiende. Alimpigia simu nduguye mwenye nyumba Mombasa, akamwambia atengeneze chumba.

Jioni ya siku ya pili kule, Rawiya alikuwa amekwisha kuzunguka mitaa mitano kwa miguu, na mazoezi yalikuwa bado saa moja. Simu ililia. Ilikuwa baba yake. Hakuuliza habari za chakula wala za watu anaopiga nao. Aliuliza gitaa lile la kuazima limefungwa nyuzi gani. Rawiya alichukua pakiti tupu iliyokuwa juu ya spika, akamsomea namba zote sita, kutoka wa kwanza hadi wa sita. Baba yake akazirudia moja moja.

"Huo wa tatu ni mtupu?" aliuliza.

"Mtupu. Lakini daraja lake ni la chuma, kila uzi una skrubu yake. Nimeuweka sawa yana, nilipofika."

"Nipigie niusikie," akasema baba yake, na Rawiya akaiweka simu kitini, akavuta kigoda karibu.